Timu yako ikitolewa Alhamisi, usiuze tiketi ya Jumamosi

Aprili 2024 nilitoka Ann Arbor, mji wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwenda Saint Paul, Minnesota, kuishangilia Michigan kwenye Frozen Four, yaani nusu fainali na fainali ya hoki ya barafu ya vyuo vikuu vya Marekani. Alhamisi usiku Boston College wakatufunga 4-0. Nilirudi hotelini nimeshaamua: tiketi ya Jumamosi naiuza, asubuhi natafuta ndege. Nashukuru sikufanya hivyo.

Ratiba ndiyo inayowachanganya wageni. Timu 16 huanza mwezi Machi katika miji minne, na nne zinazobaki hukutana Aprili: nusu fainali zote mbili Alhamisi, fainali Jumamosi. Tiketi huanza kuuzwa mapema sana, kabla haijulikani nani atafika, na kwa kawaida unanunua mechi zote tatu kwa pamoja. Michigan ilifuzu Machi 31, siku 11 tu kabla ya nusu fainali, na mimi nilikuwa nimengoja hadi siku hiyo. Hoteli za karibu na ukumbi zilikuwa zimejaa au bei haishikiki, nikalala Bloomington, mji wa jirani, na kwenda kwa basi namba 54. Kama unaupenda mchezo wenyewe, weka chumba mapema hata kama hujui timu yako itakuwepo.

Ukipewa nafasi ya kuchagua kiti, panda juu kidogo. Wengi hukimbilia safu za mbele kwenye kioo, na kweli pale unasikia vyuma vya viatu vikikata barafu na unaona jasho la mchezaji nyuma ya wavu wa kofia yake. Lakini paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kikienda upande wa pili hukioni tena. Ukiwa juu unaona shambulio linavyojengwa tangu mwanzo. Vaa sweta, na simu iwe na chaji ya kutosha, maana tiketi iko humo. Ukiweza, kaa karibu na bendi ya chuo. Matarumbeta na ngoma zile hazina mfano.

Ijumaa haina mechi. Siku hiyo hutangazwa mshindi wa tuzo ya Hobey Baker, mchezaji bora wa vyuo, na mwaka ule alikuwa Macklin Celebrini wa Boston University, kijana wa miaka 17. Mimi nilipanda treni ya Blue Line hadi Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali kule Minneapolis, mji jirani na Saint Paul. Idi ilikuwa Jumatano, na watu walikuwa bado na kanzu mpya na manukato. Mama aliyeniuzia sambusa alikuwa ameishi Eastleigh, Nairobi, miaka mingi. Alipoisikia lafudhi yangu ya Mombasa akaingia Kiswahili moja kwa moja, akaitazama jezi yangu ya njano.

"Mwanangu, hawa si ndio waliofungwa jana?"

"Ndio hao, mama. Nataka kurudi nyumbani."

"Nauli umelipa, chumba umelipa. Urudi na nini? Kaa utazame, kisha unywe chai."

Nikanywa chai ya maziwa yenye iliki, vikombe viwili, na ile tiketi sikuiuza.

Jumamosi ilikuwa Denver, chuo kilichoshinda nusu fainali nyingine, na Boston College. Kwa mshabiki wa Michigan hiyo ni mechi ngumu kuitazama: sisi na Denver tulikuwa na mataji tisa kila mmoja, na letu la mwisho lilikuwa la 1998. Denver wakishinda, rekodi ya mataji mengi inakwenda kwao. Basi nikajikuta nawaombea Boston College, wale wale walioniumiza juzi! Denver wakapata mabao mawili kipindi cha pili. Kipindi cha tatu Boston College walishambulia bila kupumua, na golikipa Matt Davis akazuia kila kilichomfikia, mipigo 35 kwa mechi nzima. Mara paki imekwama chini ya goti lake, mara imezama kwenye glavu, na ukumbi mzima unashusha pumzi kwa pamoja.

Honi ya mwisho ilipolia, 2-0, vijana wa Denver walitupa glavu na fimbo barafuni wakamrukia Davis. Pembeni yangu mzee mmoja, amevaa jezi ya chuo ambacho hakikuwemo kabisa, alikuwa amesimama anapiga makofi. Nami nikasimama na jezi yangu ya njano, nikapiga makofi hadi viganja vikawaka.