Wanawali wote kumi walilala

Kwetu Muleba, upande wa ziwani, mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, lakini ukitaka kumjua vizuri mtazame mchana. Baba mdogo alikuwa akirudi alfajiri, analala mpaka saa tano, anakunywa chai ya rangi, kisha anakaa chini ya mwembe na karabai zake nne, zile taa za pampu za kuvutia dagaa. Anafuta masizi kwenye vioo kwa gazeti lililolowana. Anazibua tundu la mafuta kwa sindano nyembamba, anajaza mafuta ya taa, anapiga pampu huku ametega sikio asikie kama kuna mahali panavuja upepo. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika dumu la akiba, la lita tano, mfuniko umefungiwa kipande cha nailoni. Dumu hilo lilikwenda ziwani kila usiku wa giza, hata taa zote zikiwa zimejaa pomoni.

Siku moja nikamuuliza, kama taa zimejaa, dumu la nini? Mbona mara nyingi linarudi halijaguswa?

"Likirudi limejaa nashukuru," akasema. "Siku nikilihitaji, dukani ni mbali."

Nilikuja kulielewa dumu lile nikiwa na miaka 36, mtu mzima, mwanakwaya, mweka hazina, na mwizi.

Neno hilo la mwisho nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha. Mchungaji wangu alipenda kusema "ulipitiwa". Ni mtu mpole. Lakini nilichofanya ni hiki: kwaya yetu hapa Mwanza ilikuwa inachanga hela ya kurekodi, na michango ilikuwa inaingia kwenye simu yangu. Wakati huo huo kibanda changu cha vifaa vya ujenzi kilikuwa kinayumba, nikawa nimeingia kwenye mikopo ile ya kausha damu. Walioionja wanajua siku ya marejesho ilivyo: saa mbili asubuhi wanakupigia, saa nne wako mlangoni, saa sita wanaulizia friji. Alhamisi moja nikachukua 280,000 kwenye hela ya kwaya. Nitarudisha Jumatatu, nikajiambia. Jumatatu ikaja na mambo yake. Baada ya miezi minne nilikuwa nimechukua 780,000.

Sasa nisikilize hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika. Miezi ile minne ndiyo niliyoshughulika zaidi kanisani kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Mazoezi Jumanne na Alhamisi, mkesha Ijumaa, jumuiya Jumamosi asubuhi, ibada mbili Jumapili. Mara mbili niliongoza maombi ya kufunga. Mtu angekuuliza nani katika usharika ule yuko imara, ungenionyesha mimi. Na sikuwa najifanya, sio hivyo tu. Nilipokuwa naimba nilikuwa natokwa na machozi ya kweli. Ila nikifika nyumbani Biblia ilikuwa kwenye mkoba wa kanisani, haitoki mpaka Jumapili, na maombi yangu ya peke yangu yalikuwa yamefupika hadi "Bwana asante kwa chakula".

Nimesikia Mathayo 25, ule mfano wa wanawali kumi waliomngoja bwana arusi na taa zao, ikihubiriwa mara nyingi, na mahubiri mengi huishia kwenye neno moja: usilale! Siku moja nikausoma mstari wa 5 polepole nikashtuka. Bwana arusi alipokawia, walisinzia wote. Wenye busara na wapumbavu walikoroma kwenye mkeka mmoja. Taa zao zote kumi ziliwaka jioni ile, na ungepita hapo saa mbili usiku usingeweza kusema nani ni nani. Kilichowatenga ni mafuta ya pembeni, katika vyombo, na jambo moja ambalo hakuna aliyelitarajia: mwenye sherehe alichelewa.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mateso. Wangekuja watu na mapanga wakaniambia nimkane Yesu, naamini ningekataa. Sikuwa nimejiandaa kwa Alhamisi. Sikuwa nimejiandaa kwa biashara kudorora mwaka mzima bila jibu la maombi, kwa uchovu, kwa simu ya mkopeshaji saa mbili asubuhi. Kuchelewa kwa Bwana arusi, kwa wengi wetu, ndiko huko. Ni maombi yale yale mwaka wa tatu, ni mwenzi asiyebadilika, ni mtoto anayeumwa ugonjwa usioisha. Watu hawaachi wokovu siku ya dhoruba, siku hiyo wote tunalia kwa Mungu. Wanauacha taratibu katika kungoja.

Na karabai, kwa taarifa ya waliozaliwa wakati wa taa za sola, haizimiki ghafla. Upepo wa ndani unapungua, mwanga mweupe unageuka wa njano, halafu mwekundu, mlio wake unakuwa wa kusuasua. Mvuvi mzoefu husikia kabla hajaona. Dagaa nao wanajua, wanaanza kutawanyika. Nikitazama nyuma, taa yangu ilianza kuwa njano karibu mwaka mzima kabla ya ile Alhamisi. Nilianza kukasirika haraka; narudi mkeshani Jumamosi alfajiri nimejaa Roho, saa tatu namfokea mke wangu kwa ajili ya chumvi. Nikaanza kupenda habari za walioanguka, hasa watumishi, na kuzisambaza. Nikaacha kukaa na mtu yeyote anayeweza kuniuliza swali la moja kwa moja. Hiyo ya mwisho ningeiweka juu ya zote. Ukiona umepanga maisha yako kiasi kwamba hakuna binadamu anayejua simu yako ina nini, hela yako inatoka wapi na jioni unakuwa wapi, pampu imeshalegea.

Aliyenikamata ni Mama, na hakujua amenikamata. Mama ni wa walokole wa zamani. Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika kwetu Kagera, uliwaachia wazee wetu desturi moja wanayoiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Wanakutana, na mtu anasimama anataja dhambi yake kwa jina lake, bila mafumbo. Mama alinisimulia watu walivyorudisha majembe waliyoiba miaka mingi nyuma, wengine kwa majirani waliokuwa wameshasahau. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, naye alikuwa mtu wa uamsho huo. Namtaja kwa ajili ya wanaodhani kuungama ni kwa walokole wa kijijini wasiosoma.

Basi Mama akipiga simu, kabla ya habari za watoto, huuliza, "Mwanangu, unatembea nuruni?" Mimi hujibu ndiyo Mama, kama mtu anavyojibu marahaba. Jumapili ile nikajibu ndiyo, simu ikakatika, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na ile ndiyo yangu ikagoma kushuka. Saa moja usiku nilikuwa sebuleni kwa mwenyekiti wa kwaya.

Sitaeleza yote. Aliniuliza kiasi gani, nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu mpaka mkewe akachungulia. Nikasimamishwa huduma miezi sita, nikapangiwa kurudisha 65,000 kila mwezi kwa miezi 12. Mke wangu alijua siku hiyo hiyo, na hilo lilikuwa gumu kuliko kanisa.

Unaweza kuuliza mtu kama huyu anatoa wapi ushauri wa kusimama imara. Swali halali. Najitetea kwa jambo moja tu: aliyetuandikia "mwe na kiasi na kukesha" katika 1 Petro 5:8 ni yule yule aliyekutwa amelala Gethsemane.

Nilichobadilisha kwanza ni asubuhi. Simu yangu inalala sebuleni, kwenye chaji, juu ya kabati. Nikiamka sipiti huko kabla sijasoma. Sura moja, wakati mwingine nusu, naisoma kwa sauti ya chini ili akili isitoroke. Kisha naomba, na mara nyingi maombi hayo ni makavu kama muhogo wa juzi. Zamani ukavu ule ulinikatisha tamaa, nikawa nangoja nijisikie. Kilichonisaidia ni Walawi. Katika sura ya 9 moto unatoka kwa Bwana unateketeza sadaka, watu wanapiga kelele na kuanguka kifudifudi. Lakini sura ya 6 ilikuwa imeshaagiza kwamba kuhani aweke kuni juu ya madhabahu kila asubuhi ili moto usizimike. Moto ulikuwa wa Mungu, kuni ilibidi mtu azibebe. Hakuna aliyeandika wimbo kuhusu kubeba kuni.

Danieli naye nilimsoma vibaya kwa miaka. Nilidhani ushujaa wake ni kufungua madirisha na kuomba baada ya amri ya mfalme ya kukataza maombi, ile iliyomtupa kwenye tundu la simba. Danieli 6:10 inasema aliomba mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya hapo awali. Amri ilimkuta na ratiba. Asingekuwa nayo, sidhani kama angeianzisha wiki ya simba.

Cha pili ni watu. Tuko wanaume watatu, tunakutana Alhamisi jioni, nyuma ya duka la mmoja wetu, katikati ya mifuko ya saruji. Siku nimeichagua mimi, unajua kwa nini. Hatuhubiriani. Kila mmoja anaulizwa maswali aliyoyatunga mwenyewe. Langu ni la hela. Mzee wetu, fundi seremala wa miaka sitini na kitu, huniuliza kwa Kiswahili cha Mara kisicho na sukari: "Hela za watu zikoje?" Kama huna watu wa namna hiyo usianze na kumi, tafuta mmoja, wa jinsia yako, asiyekuogopa na asiyekudai.

Cha tatu, na hapa wapendwa wengine hunipinga, ni kuondoa jaribu lenyewe pale unapoweza. Nilikuwa naomba nisitiwe majaribuni huku namba ya siri ya hela ya watu 32 naijua peke yangu. Ombi zuri, mpangilio mbovu. Sasa hela ya kwaya iko benki, haitoki bila sahihi tatu, na yangu haimo. Kijana anayepambana na picha chafu za usiku namshauri anunue simu ya batani kabla sijamshauri afunge siku tatu. Afunge pia, lakini anunue kwanza. Mwenye shida na pombe abadili njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni ndefu. Yusufu hakukaa kumfanyia maombezi mke wa Potifa aliyemtaka, alikimbia na vazi akaliacha.

Kuhusu mikesha na semina: sijaacha, ila nimepunguza. Mkesha mmoja kwa mwezi, na nikitoka huko nalala, sifokei mtu. Wavuvi wenyewe kwenye mbalamwezi hukaa nchi kavu, wanashona nyavu. Nahofia tumewafundisha watu kupenda moto wa Ijumaa usiku bila kuwafundisha la kufanya Jumatano mchana. Na hizi chupa za mafuta ya upako za elfu kumi, niseme tu kwamba katika ule mfano waliotumwa kwa wauzaji usiku wa manane walirudi wakakuta mlango umefungwa.

Sijafika. Mwezi uliopita nilipitisha siku nne bila kufungua Biblia. Duka lilikuwa na mzigo, mtoto ana homa, sababu zilikuwepo zote. Zamani siku nne zingekuwa wiki nne kwa sababu ya aibu, ningengoja mkesha mkubwa nikatubu kwa kishindo. Safari hii siku ya tano nikaamka, nikapita simu bila kuigusa, nikasoma nusu sura. Sikujisikia chochote. Nikaenda kufungua duka.

Ile 65,000 ya mwisho niliipeleka mkononi badala ya kuituma. Mwenyekiti akaihesabu mbele yangu, mara mbili, akaandika kwenye daftari, akanipa nisaini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema. Akafunga daftari.

"Alhamisi utatoka saa ngapi kwenye kikundi chenu?" akaniuliza. "Njoo mazoezini hata ukichelewa. Besi tumebaki wawili."