Je, damu ya mbuzi hujisafisha yenyewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa mbuzi wa maziwa hapa Kiwira, wilayani Rungwe. Nilianza na beberu mmoja na majike sita. Beberu huyo aliwapanda mabinti zake, na sasa anawapanda majike waliozaliwa na mabinti hao. Mwaka huu vitoto vitatu vimezaliwa dhaifu, na kimoja kina taya fupi la chini, hakiwezi kunyonya vizuri. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu, ananishauri niwaache tu, kwa kuwa wabovu watakufa na watakaobaki watakuwa na damu safi. Anasema hata kipunji, wale kima wa Mlima Rungwe, ni wachache, na hakuna anayewaletea madume mapya. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako amegusa jambo ambalo wataalamu wa urithi wanalikubali, lakini amelisimulia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokugharimu mbuzi.

Karibu kila jeni, yaani kipande cha urithi kinachobeba sifa za mnyama, huja katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiharibika, mara nyingi nzima ya upande wa pili hufanya kazi kwa niaba yake, na ubovu hurithishwa kimyakimya vizazi kwa vizazi bila mfugaji kuuona. Ndugu wakizaana, kitoto huweza kupokea nakala ile ile mbovu kutoka pande zote mbili, na ubovu ukajitokeza. Beberu akimpanda binti yake, uwezekano wa kitoto kupata nakala mbili za chanzo kimoja ni asilimia 25 kwa kila jeni. Akimpanda jike aliyemzaa na binti huyo, unafika asilimia 37.5. Vitoto vyako dhaifu huenda vina sababu nyingine, kama maradhi au lishe ya mama zao, na afisa mifugo anapaswa kuviangalia, lakini kwa hesabu hiyo sishangai kuviona.

Kitoto kikifa kabla ya kuzaa, nakala zake mbili mbovu hutoka kundini pamoja nacho. Huo ndio usafi anaousema mzee, na mifano ipo. Ng'ombe weupe wa Chillingham, kaskazini mwa Uingereza, wamezaliana wao kwa wao kwa karne kadhaa. Baada ya baridi kali ya mwaka 1947 walibaki 13 tu, na kundi likainuka tena. Hata hivyo, naomba tusidanganyike na mfano huo. Kundi lililopona tunaliona na kulisimulia, ilhali makundi yaliyokwisha hayana wa kuyasimulia.

Tena usafi huo huchagua. Ubovu mkubwa, ule unaoua, huondoka upesi zaidi kwa sababu anayeubeba mara mbili hazai. Ubovu mdogo, kama ule unaopunguza maziwa kidogo au kumfanya jike akawie kushika mimba, haumzuii mbuzi kuzaa, kwa hiyo hubaki na kurundikana. Mamothi, wale jamaa wa tembo wenye manyoya marefu, walitengwa katika kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Urusi, yapata miaka 10,000 iliyopita, wakaishi huko miaka 6,000 hivi kabla ya kutoweka. Vinasaba vyao vinaonyesha kwamba mabadiliko mabaya zaidi yalipungua polepole, huku yale yenye madhara ya wastani yakiendelea kuongezeka.

Sasa tazama zizi lako. Kwa hesabu ya urithi, beberu mmoja na majike sita si mbuzi saba, bali ni sawa na mbuzi watatu na nusu hivi, kwa kuwa nusu ya urithi wote wa kizazi kinachofuata hutoka kwa dume mmoja. Katika kundi dogo kiasi hicho, ubovu unaopunguza uwezo wa kuishi au kuzaa kwa chini ya asilimia 15 hivi hauchujwi ipasavyo. Kubaki au kuondoka kwake hufanana na kurusha sarafu, na unaweza kuenea hadi kila mbuzi wako akawa nao. Utazika vitoto, na usafi ulioahidiwa usiuone.

Kipunji, ambaye alitangazwa na wanasayansi mwaka 2005, hana hali kama ya zizi lako. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,042 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na 75 tu katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Kundi kubwa likipungua polepole, maumbile hupata muda wa kuchuja. Hao 75 ndio wanaonitia hofu. Na kwa kipunji wa huku kwetu, ukanda wa Bujingijila unaounganisha Mlima Rungwe na Livingstone ndiyo njia ya madume mapya, ambayo mzee wako anadhani haipo. Ukilimwa wote, njia hiyo itafungwa.

Wewe njia yako ni fupi zaidi. Badilishana beberu na mfugaji wa mbali ambaye mbuzi wake hawakutoka kwenye chanzo kimoja na wako, na umtenge mgeni angalau wiki nne kabla ya kumchanganya, kwa kuwa homa ya mapafu ya mbuzi husafiri naye. Beberu asiye na undugu na majike yako huondoa uzao wa ndugu katika kizazi kimoja, hata kama majike wenyewe ni wa damu moja. Ubovu hautakuwa umefutika, bali umerudi kujificha, na kwa sababu hiyo inakubidi umbadilishe tena kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa, ambao kwa mbuzi huweza kuwa miezi mitano au sita tu. Andika katika daftari nani amezaa na nani.

Kitoto chenye taya fupi, kikiwa dume kihasiwe, kikiwa jike kisipandwe, kwa kuwa kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa. Mama yake endelea kumkamua, ila asipandwe tena na beberu yule.