Kwa mnaoanza kazi ya meno ya watoto: inueni kwanza mdomo wa juu

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili akiletwa kwako, usikimbilie kiti wala taa. Mwombe mzazi mkae mkitazamana, magoti yenu yagusane, ampakate mtoto kifua kwa kifua, kisha amlaze taratibu hadi kichwa kitue mapajani mwako. Atalia, nawe usifadhaike, kwa kuwa mtoto anayelia amekufungulia kinywa. Inua mdomo wa juu kwa kidole, kausha meno ya mbele kwa shashi, utazame pale jino linapokutana na ufizi. Unachotafuta ni mstari mweupe wa rangi ya chaki, usiong'aa. Usipokausha hutauona, mate yanauficha.

Mstari huo ndio mwanzo wa kuoza. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, imeanza kupoteza madini lakini haijatoboka, na bado inaweza kurudishiwa nguvu. Nilipokuwa mgeni kazini niliuona kwa mtoto mmoja, nikaandika kwenye kadi yake "meno mazima", maana sikuona tundu. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, meno yake manne ya mbele yalikuwa vigutu vya kahawia. Mama yake hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Ndiyo maana nawaandikia.

Ukiuona, uliza usiku unapitaje. Uliza kwa upole, kwa kuwa mzazi aliyeona aibu hatakwambia kuhusu chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto. Mtu akilala mate hupungua sana, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi. pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kuyeyuka, na mate huchukua nusu saa au zaidi kuituliza hali hiyo. Kwa hiyo mara ngapi mtoto anaonja kitu kitamu kwa siku ina uzito kuliko kiasi anachokula. Kitamu kinacholiwa pamoja na mlo kina nafuu. Kile kile kikilambwa kutwa, meno hayapati nafasi ya kupumua.

Habari ya mswaki usiieleze kwa maneno matupu. Minya dawa ya meno yenye floraidi mbele ya mzazi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Kisha mpe mswaki amswakie mtoto hapo hapo, wewe ukiangalia. Mambo mengi utayaona mkononi mwake ambayo asingekueleza. Aanze jino la kwanza linapochomoza, asubuhi na kabla ya kulala, na mtoto akishajua kutema, ateme povu bila kusukutua kwa maji. Kazi hiyo ni ya mzazi mpaka mtoto afike miaka 7 au 8.

Sasa gego la kudumu la miaka 6. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Linaota nyuma kabisa ya meno ya utotoni, wala hakuna jino linalong'oka kulipisha, hivyo wazazi wengi hulihesabu kuwa la utotoni na kusema, "Ataota lingine." Haoti. Tena linapochomoza huwa chini ya jino la jirani, na mswaki ukipita kama kawaida unaliruka. Mwonyeshe mzazi namna ya kuuingiza mswaki kutokea upande wa shavu, ukae kwa kukingama juu ya gego lile. Likishatoka vya kutosha, ziba mifereji yake kwa utomvu maalumu, na hapo usiwe na haraka: mate yakigusa jino baada ya kupaka asidi ya kulikwaruza ili utomvu ushike, osha, kausha, anza upya. Kizibo kilichobandikwa juu ya unyevu kitabanduka. Magego ya pili huota karibu na miaka 12, nayo yanahitaji jicho lile lile.

Vanishi ya floraidi ipakwe angalau mara 2 kwa mwaka, na zaidi kwa mwenye ile mistari myeupe. Haichukui muda.

Kijana zungumza naye mwenyewe, si na mama yake juu ya kichwa chake. Wengi fizi zikitoa damu huacha kuswaki mahali hapo, kumbe ndipo panapohitaji mswaki zaidi. Anayecheza michezo ya kugongana mfundishe: jino la kudumu likichomoka mzima mzima, alishike upande wa kutafunia, asiguse mzizi, alirudishe tunduni au alitie kwenye maziwa, akimbilie kwa daktari ndani ya saa moja. La utotoni halirudishwi, linaweza kuumiza la kudumu lililo chini yake.

Kabla hawajaondoka, andika ulichokiona, hata kikiwa kidogo: meno gani, upande gani, weupe wa chaki au unaong'aa. Mwenzako atakayempokea mtoto huyo baada ya miezi 3 ataikausha sehemu ile ile kwa shashi. Mstari uliopona huwa mgumu na hung'aa, hata kama weupe wake umebaki.