Maziwa yaliponizidi

Mwanangu wa pili alikuwa na wiki sita alipoanza kulikimbia ziwa. Nikimweka, anavuta mara tatu nne, maziwa yanashuka kwa kasi, anapaliwa, anakohoa, anaachia chuchu huku maziwa yakimrukia usoni, kisha analia kwa hasira. Choo chake kilikuwa cha kijani chenye povu. Mama mkwe, aliyekuwa ametoka Moshi kuja kunitunza uzazi, alisema mtoto ana chango. Jirani akasema maziwa yangu ni mepesi, hayamshibishi. Lakini kliniki mzani ulionyesha mtoto anaongezeka vizuri sana, na kila alfajiri mimi naamka kanga imelowa mpaka shuka chini yake.

Tatizo lilikuwa maziwa mengi, na nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe kwa pampu.

Kwa mtoto wa kwanza nilirudi kazini bila akiba yoyote, nikahangaika sana. Safari hii nikaapa halitajirudia. Likizo ya uzazi hapa Tanzania ni siku 84 tu, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza, kila mtoto akimaliza kunyonya, nami naweka pampu, nakamua mpaka tone la mwisho. Mara sita kwa siku, na mojawapo naamka kwa alamu saa tisa usiku. Juu yake mtori asubuhi na jioni, uji wa ulezi, na uwatu, mbegu zinazoaminika kuongeza maziwa, alioniletea jirani kutoka Tanga. Friza ikajaa. Nilikuwa naiona kila siku na kufurahi.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki: ziwa hutengeneza kufuatana na kinachotolewa. Likikamuliwa likabaki jepesi, linaongeza kasi. Likiachwa na maziwa ndani, linapunguza. Halijui kama aliyetoa ni mtoto au mashine. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, kuanzia mwezi mmoja hadi sita, kwa kawaida hutumia kama mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kiasi hicho hakipandi sana hata akikua. Mimi nilikuwa nakamua mililita 900 baada ya yeye kushiba. Mwili wangu ulikuwa unalisha mapacha ambao sikuwazaa.

Nilipogundua hivyo nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza: Jumamosi moja niliweka pampu kabatini, basi. Kufikia Jumapili usiku ziwa la kushoto lilikuwa gumu kama ubao, lina alama nyekundu upande wa kwapani, na mimi natetemeka kwa baridi chini ya blanketi, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Shangazi akaja na kitambaa cha maji ya moto na kitana. Alinikanda na kunichana ziwa kwa nguvu ili "maziwa yaliyoganda yatoke". Alifanya kwa upendo, nami nilimshukuru, lakini asubuhi uvimbe ulikuwa umeongezeka maradufu.

Mkunga aliyeniona Jumatatu alinishika mkono akaniambia taratibu, "Mama, ziwa likivimba halikandwi kwa nguvu. Unaliumiza ndani." Nitumie baridi badala ya moto. Ninyonyeshe kama kawaida, nisiliache ziwa linalouma, lakini nisikamue mpaka liishe. Akanipa ibuprofen ya maumivu na uvimbe, akasisitiza kwamba homa isiposhuka ndani ya saa 24 nirudi kwa ajili ya antibaotiki, maana likiachwa linaweza kuwa jipu. Bahati nzuri homa ilishuka. Wewe ukiona homa, wekundu unaotanuka au uvimbe usioisha, usikae nyumbani ukisubiri.

Ndipo nikaanza kupunguza kwa utaratibu. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji: mara sita, mililita 150 kila mara. Kwa siku tatu kila mkamuo niliishia 120. Siku tatu nyingine, 90. Mkamuo ukifika 60 naufuta kabisa, nikianza na ule wa mchana, na wa saa tisa usiku nikauacha wa mwisho kwa sababu usiku ndipo ziwa langu lilikuwa likijaa zaidi. Kazi ngumu kuliko zote ni kuzima pampu wakati maziwa bado yanatiririka kwenye chupa. Mkono unasita. Unajiona kama unamwaga chakula cha mtoto. Zima. Ukisikia ziwa limejaa mno kati ya mikamuo, toa kidogo tu kwa mkono, upate nafuu, uache. Barafu niliizungushia kanga, dakika kumi baada ya kunyonyesha. Ilichukua wiki tatu na kidogo.

Wakati huo huo nilibadilisha namna ya kunyonyesha. Nilikuwa naegemea nyuma kwenye mito, mtoto analala kifuani kwangu, ili maziwa yapande kumfuata badala ya kumwagikia kooni. Yakianza kushuka kwa kasi namtoa, nayaacha yaingie kwenye kitambaa, kisha namrudisha. Kupaliwa kulipungua siku ile ile. Wapo wanaonyonyesha ziwa moja tu kwa saa kadhaa kabla ya kubadili. Hilo lifanye ukiwa na mtu wa kliniki anayefuatilia uzito wa mtoto, kwa sababu maziwa yanaweza kushuka kuliko ulivyotaka. Na dawa za kukausha maziwa usizinunue kienyeji.

Kumweleza mama mkwe kulihitaji siku yake. "Mwanangu, maziwa ni baraka, hayakataliwi," alisema. Nikamwambia, "Mama, mtori nitakunywa, ila uwatu tuuweke pembeni." Kisha nikamwomba akae karibu wakati nanyonyesha. Alimwona mjukuu anavyopaliwa. Tangu siku hiyo alikuwa yeye anayenikumbusha kuzima pampu.

Na friza? Umeme ulikatika siku mbili, karibu yote yakayeyuka. Maziwa yaliyoyeyuka hayagandishwi tena. Yakiwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24. Nililia. Nilifikiria kumgawia jirani aliyejifungua, lakini VVU na magonjwa mengine hupita kwenye maziwa, na yeye ni Mwislamu: watoto walionyonya kwa mama mmoja huhesabiwa ndugu na hawaoani. Si jambo la kuamuliwa mlangoni. Nairobi, hospitali ya Pumwani ina benki ya maziwa tangu 2019, ambako mama anayechangia hupimwa na maziwa hupashwa moto kitaalamu kuua vijidudu. Natamani kila mkoa wetu uwe nayo.

Kumbe kurudi kazini akiba ya siku mbili tu ilitosha. Sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha muda wa kazi. Mimi naishi mbali na ofisi, kwa hiyo niliomba nizitumie kukamua, mara mbili, na ninachopata leo ndicho anachokunywa kesho. Nakiweka kwenye kiboksi chenye barafu papo hapo, maana joto letu halisubiri zile saa nne zinazotajwa kwa chumba cha nyuzi 25. Kwenye friji yanakaa siku nne. Nikiwa kazini anakunywa chupa tatu za mililita 110. Jioni nikifika, kabla sijavua viatu, ananyonya mwenyewe, macho yamefumba, hakohoi.