Kipimajoto kwanza, matunda baadaye

Swali: Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 41. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto, na wiki ijayo anaanza kemo (dawa za kuua saratani) hospitali ya Ocean Road: dozi nne za ile dawa nyekundu, moja kila siku 21, halafu dawa nyingine ya kila wiki mara 12. Atakaa kwangu Mbagala. Nimeshanunua matunda na juisi. Nini kingine kinahitajika? – *Mama wa wawili, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, mama. Matunda atakula, lakini nenda tena duka la dawa ununue kipimajoto cha dijitali. Nyumbani hakuna kifaa kitakachomfaa kuliko hicho.

Kemo huua seli zinazozaliana haraka. Saratani ni mojawapo, na uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, ni mwingine. Chembe hizo hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14, ukihesabu siku ya dripu kuwa ya kwanza. Kwa hiyo akichomwa Jumanne, kipindi cha hatari kinaanza Jumatatu inayofuata na kuishia Jumatatu ya pili yake. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia siku hizo kalamu nyekundu. Wengi hukosea hapo: wanamlinda mgonjwa kama yai siku tatu za kutapika, kisha akianza kula na kucheka wanalegeza, na ndipo kinga yake iko chini kabisa.

Mpime asubuhi na jioni, na wakati wowote akisema anasikia baridi. Ukipimia mdomoni, subiri robo saa baada ya chai, maana chai ya moto itakudanganya. Kwapani nako kipimo husoma chini kidogo. Ikifika 38, au akitetemeka hata kama namba haijafika, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Usimpe panado kwanza "tuone kama itashuka". Itashuka kweli, na maambukizi yataendelea kimyakimya huku nyote mmetulia.

Mkifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: "Yuko kwenye kemo, leo siku ya tisa, ana homa." Usianze na historia ya uvimbe. Kwetu homa yoyote hupelekwa kwanza kwenye kipimo cha malaria. Apimwe, sawa, ila antibayotiki ya mshipani isisubiri majibu ya malaria. Inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Siku ya kwanza ya kliniki ombeni karatasi yenye majina ya dawa, tarehe ya dozi na namba ya simu ya dharura, ikae kwenye mkoba wake daima.

Siku ya dripu yenyewe, mkono utakaochomwa ni wa kulia. Kama tezi za kwapa la kushoto zilitolewa, mkono wa kushoto usipigwe sindano wala kufungwa kipimo cha presha, maana unaweza kuvimba na uvimbe huo ni mgumu kuondoka. Dawa nyekundu ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Akisikia moto au maumivu pale sindano ilipoingia, aseme palepale, asione haya kumsumbua nesi. Mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa. Ukiendelea kuwa mwekundu baada ya hapo, au ukiuma, toeni taarifa kliniki.

Kwa saa 48 za mwanzo dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Vaa glavu unaposafisha. Choo cha kuvuta kivutwe mara mbili, cha shimo kimwagiwe maji na kufunikwa. Shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Anywe maji ya kutosha, lita mbili hivi kwa siku kama daktari hakumkataza, kwa sababu dawa inayoambatana na ile nyekundu huchokoza kibofu.

Vidonge vya kuzuia kutapika ameze kwa saa zilizoandikwa, hata kama hajisikii vibaya. Kauli ya "nitameza nikitapika" ndiyo inayoharibu. Kichefuchefu kikishatangulia, kidonge chenyewe hutapikwa. Baadhi ya vidonge hivyo hufunga choo, basi papai na maji viwe karibu, na siku tatu bila choo ni za kuripoti. Kaanga vitunguu wakati yeye yuko barazani, harufu ndiyo adui. Uji wa ulezi uliopoa humwingia kuliko pilau ya moto.

Vidonda vya mdomoni: glasi ya maji ya uvuguvugu, robo kijiko cha chai cha chumvi na robo ya bekingi soda, asukutue na kutema mara nne kwa siku. Si bekingi pauda, wala si yale magadi ya kulainishia maharage.

Wageni nao. Kumwona mgonjwa ni ada yetu na hatuwezi kuifuta, ila inaweza kusogezwa hadi baada ya zile siku za kalamu nyekundu. Mwenye mafua apige simu. Kachumbari na maziwa yasiyochemshwa vingoje pia.

Nywele hutoka wiki ya pili au ya tatu, mara nyingi kwa mafungu kwenye mto. Zikinyolewa fupi mapema, mshtuko hupungua. Waambie wanao kabla hawajaona. Na dawa ya kila wiki ikifika, muulize kila Jumamosi kama anafunga vifungo vya gauni vizuri. Ganzi ya vidole ikiripotiwa mapema, dozi hurekebishwa.

Swali: Mke wangu yuko dozi ya pili. Mama mkwe ameleta majani ya stafeli yaliyochemshwa, anywe kikombe kutwa mara tatu. Nimkatalie vipi? – *Baba, Tanga*

Jibu: Usimkatalie kwa ubishi, mama amekuja na mapenzi. Mwambie daktari ameagiza kila kinachoingia mwilini kiandikwe kwanza, kisha andika kweli: jani gani, kiasi gani, mara ngapi, mpeleke karatasi kliniki. Ini ndilo linalovunja dawa nyingi za kemo, na baadhi ya mitishamba hubadilisha kazi hiyo, dawa ikazidi au ikapungua nguvu. Tena akiharisha hamtajua chanzo ni dripu au kikombe. Tangawizi kidogo kwenye chai haina shida. Kazi ya kweli ya mama mkwe ipo: amsindikize mwanawe kupima damu kabla ya kila dozi, maana chembe zikiwa chini dripu huahirishwa na safari inakuwa bure.

Swali: Tutenganishe vyombo vyake? – *Msomaji, Mtwara*

Jibu: Hapana. Saratani haiambukizi kwa sahani, kitanda wala kumbato. Ila kama ananyonyesha, kemo hupita kwenye maziwa. Mtoto aachishwe kabla ya dozi ya kwanza.