Maneno usiyatie wino juu ya mchoro (kwa mwenye BD, yaani hadithi ya michoro, ya kurasa 44, Katuba, Lubumbashi)

Mdogo wangu, weka kalamu chini kwanza. Umesema kurasa 44 ziko kwa penseli, wiki hii unapitisha wino mchoro pamoja na maneno, halafu unapiga picha kila ukurasa, unatia sauti, inakuwa filamu ya simu. Acha. Kosa hilo nimelilipia visanduku 264 vya michoro, na hela haikurudi.

Kwenye karatasi msomaji ndiye mwenye saa. Kwenye filamu saa ni yako. Ukurasa mzima ukikaa sekunde 10 kwenye skrini, sauti bado iko kisanduku cha kwanza, jicho limeshafika cha sita ambako mjomba amelala na kisu pembeni. Siri imekwisha. Na kiputo cha maneno kikibaki, mtu anasoma haraka kuliko mwigizaji anavyosema. Anacheka, ndipo sauti inakuja kumrudilia mzaha uleule, kama mlevi kwenye kilio.

Basi utataka kufuta viputo. Chini yake kuna nini? Karatasi nyeupe. Kichwa nusu, ukuta nusu, mkono bila kiganja, vyote vya kuchora upya. Yule bwana wa montaji, yaani wa kuunganisha filamu, aliyeniapia kwamba komputa itajaza yenyewe, ilijaza kweli: tofali kwenye shavu la bibi! Faranga zangu alikula zote.

Herufi nazo zipigie hesabu. A4 ina urefu wa mm 297. Skrini ya simu iliyolazwa ina kimo cha mm 65 hivi. Herufi yako ya mm 3 inabaki chini ya mm 0.7. Sisimizi mwenyewe ataomba miwani.

Kwa hiyo maneno yakae peke yake. Chora kisanduku kizima, hata pale kiputo kitakapokaa. Viputo viandike kwenye karatasi ya kalki, ile inayoonyesha cha chini yake, iliyobandikwa juu, na utie alama ya msalaba kwenye pembe tatu za karatasi zote mbili ili zilingane baadaye. Wa chapa anachukua mchoro na maneno. Filamu inachukua mchoro bubu tu.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, usikubali 300. Kisanduku cha upana wa sm 9 kwa 300 kinatoa pikseli 1063, na skrini iliyolala inataka 1920. Kwa 600 unapata 2126, nafasi ya kusogeza inabaki kidogo.

Na usiniletee mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu kama ushahidi kwamba maneno yakae ndani ya mchoro. Ndiyo, aliandika maneno ndani ya michoro yake hapa hapa Lubumbashi miaka ya 1970. Ile ni picha ya kutundika sebuleni: inaonekana yote kwa mara moja, na mwenye nyumba anaisimulia kwa wageni.

Siri ya kitabu iweke kwenye kisanduku cha juu cha ukurasa wa kushoto, yaani 2, 4, 6, ili mtu aifunue. Filamu haina cha kufunua: pale tia giza fremu 12, yaani nusu sekunde kama filamu ina fremu (picha) 24 kwa sekunde.

Bei ya waigizaji wa sauti uliyouliza, watakujibu wengine. Kama wino wa maneno umeshagusa kurasa za mwanzo, usipake korekta, ile rangi nyeupe ya kufutia. Bandika ukurasa kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi safi juu, uchore sehemu iliyofunikwa na kiputo tu, na misalaba yake mitatu.