Halotheni ileile, mbona presha inaporomoka?

Swali: Habari za kazi. Natoa nusukaputi kwenye kituo cha afya wilayani Sengerema. Tunatumia halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, na vepolaiza ndogo ya Oxford, chombo kinachoigeuza kuwa mvuke. Mgonjwa akipumua mwenyewe kwenye 2% anakaa vizuri. Nikimlegeza misuli kwa dawa na kuanza kubana mfuko wa kumpumulisha, namba ya vepolaiza sijaigusa, ndani ya dakika kumi presha ya juu ni 75 na mapigo 50. Nini kimebadilika?

Jibu: Umemwondolea mgonjwa breki yake. Halotheni ikizidi, pumzi hulegea mapema: anavuta kidogo, anaingiza dawa kidogo, anajiokoa. Ukishika mfuko wewe, dawa inaendelea kuingia hata kama ameshazidiwa. Moyo nao ukisukuma kwa unyonge, damu inayopita mapafuni ni kidogo, dawa inarundikana humo haraka, na hiyo damu kidogo inarudi moyoni ikiwa imekolea. Moyo unalegea tena, na mzunguko unaendelea.

Msuli wa moyo wenyewe unaguswa sehemu tatu. Kwa kila pigo, kalsiamu kidogo huingia kwenye seli kupitia milango yake na kufungua ghala la kalsiamu lililomo ndani. Kalsiamu ikishika nyuzi za msuli, nyuzi hujikunja. Halotheni inabana milango, inavujisha ghala hadi pigo linalofuata likute akiba imepungua, na nyuzi zenyewe haziitikii sawasawa. Tena inazuia mwili usiongeze mapigo presha inaposhuka. Kwa hiyo ile 50 uliyoiona usiihesabu kuwa utulivu.

Punguza namba kabla ya kubana mfuko. Kwenye 0.75% tu, nusu ya watu wazima hawatikisiki wakikatwa. 2% ni karibu mara tatu ya hapo. Aliyelegezwa misuli na kupewa dawa ya maumivu kwa kawaida anatosheka na 0.5 hadi 1%.

Presha ikishaporomoka, funga vepolaiza, mpe oksijeni 100%, inua miguu, fungulia dripu, na kama mapigo yako chini mpe atropini, dawa ya kuongeza mapigo, 0.5 mg kwenye mshipa. Wakati huohuo mwenzako atazame chupa ya saksheni (mashine ya kunyonya damu), vitambaa na sakafu, maana halotheni huficha damu inayopotea: mapigo hayapandi kukuonya. Muulize pia daktari wa upasuaji amechoma adrenalini kiasi gani. Chini ya halotheni, kwa mtu mzima isizidi mikrogramu 100 ndani ya dakika 10, yaani mililita 20 za mchanganyiko wa 1 kwa 200,000. Ikizidi, mapigo yanaweza kuruka ovyo. Moyo ukisimama hesabu hiyo haipo tena: adrenalini 1 mg kama kawaida.

Jambo jingine ni joto. Vepolaiza hiyo haina kifaa cha kujirekebisha, hivyo mchana wa jua kali, kwenye thieta isiyo na kiyoyozi, inatoa zaidi ya namba unayoisoma. Na wanaosema huku kwetu tuongeze namba kwa sababu Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, wasikushawishi. Kinacholaza mgonjwa ni mgandamizo wa mvuke, na vepolaiza ya aina hii inautoa uleule hapa na Dar es Salaam.

Swali: Shikamoo daktari. Mama yetu, miaka 68, yuko Ilemela, eko (kipimo cha picha ya moyo) imeonyesha moyo umetanuka. Anatakiwa kupasuliwa ngiri. Majirani wanasema nusukaputi itausimamisha moyo, tudai sindano ya mgongo.

Jibu: Marahaba. Msidai kitu bado. Dawa za kuvuta hazilingani: halotheni hulegeza msuli wa moyo zaidi, wakati isoflureni na sevoflureni hushusha presha hasa kwa kutanua mishipa. Umri nao huhesabiwa, kwani baada ya miaka 40 mahitaji ya dawa hizo hupungua kama 6% kila miaka kumi. Sindano ya mgongo pia hushusha presha, tena ghafla, na kama ana valvu iliyobana inaweza kuwa hatari zaidi.

Pelekeni karatasi ya eko na dawa zake zote, za miti shamba zikiwemo. Semeni ukweli: anapanda ngazi ngapi kabla ya kuhema, analala na mito mingapi. Kisha ulizeni watatumia dawa gani. Wakiwa na halotheni peke yake, ombeni rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, siku hiyohiyo mnayoonana nao, msingoje asubuhi ya upasuaji.